Rezo ikikatika, nani ataitengeneza? Mashariki mwa Kongo inahitaji masteri ya mitandao

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wakaaji wa Goma waliona anga kuwa nyekundu juu ya mulima Nyiragongo. Hakuna tangazo lililokuwa limetolewa mbele. Watu walibeba watoto, magodoro na masufuria. Wengine wakavuka mupaka kwenda Gisenyi, wengine wakashika njia ya Sake. Zaidi ya watu 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika.

Nyuma ya mulipuko huo, habari moja iliwashangaza wengi. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimekaa miezi mingi, tangu mwisho wa mwaka 2020, bila intaneti ya kupokea habari toka kwenye mitambo yake. Pesa za muradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyelipa. Intaneti ilirudi mwezi wa Aprili 2021, karibu na mulipuko wenyewe.

Wenye kusoma volkano walieleza kwamba mulima huo ulitoa dalili chache sana. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba mutandao mzuri ungeokoa wale waliokufa. Lakini swali linabaki. Toka kwenye Nyiragongo hadi katikati ya Goma ni chini ya kilometa 20. Kupitisha habari kwa mawimbi ya redio umbali kama huo, kwa umeme wa jua, bila kumulipa mutu kila mwezi, ni jambo linalofundishwa shuleni. Sasa, usalama wa muji wenye watu zaidi ya milioni moja ulitegemeaje bili ya intaneti?

Jibu la haraka ni kwamba serkali haikutoa pesa. Hilo ni kweli. Lakini kuna jibu lingine ambalo halisemwi mara nyingi: mashariki mwa Kongo haina watu wa kutosha waliosoma mitandao hadi ngazi ya kuweza kuijenga, kuipima na kuibadilisha inapokwama. Ina vijana wengi wanaojua kutumia rezo, na wengi wanaojua kuiuza. Wenye kuipanga ni wachache, na mara nyingi wanatoka mbali.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeingiza vyuo vyake vyote katika mupango wa LMD: miaka 3 ya leseni, miaka 2 ya masteri, kisha doktora. Zamani kulikuwa gradua ya miaka 3 na leseni ya miaka 2. Wazazi wengi bado wanahesabu kwa njia ya zamani, na kwao leseni ndiyo mwisho wa masomo. Lakini leseni ya leo ni miaka 3 tu. Katika informatiki, miaka hiyo inatosha kumufundisha kijana kuunganisha kompyuta za ofisi, kuweka Wi-Fi ya hoteli na kuandika programu ya duka. Ni kazi ya heshima. Ila si hiyo inayoamua kama inchi itasimama kwa miguu yake.

Kuona tofauti, inafaa kufuata njia ambayo ujumbe wa simu unapita.

Kongo ina pwani ndogo sana upande wa bahari ya Atlantiki. Ni pale Muanda ambapo waya wa chini ya bahari unaoitwa WACS ulianza kuhudumia inchi hii mwaka 2013. Kwa ndege, toka Goma hadi Muanda ni karibu kilometa 1900. Toka Goma hadi Mombasa ni karibu kilometa 1200. Ndiyo sababu intaneti nyingi ya Kivu inatazama upande wa mashariki: inavuka mupaka, inapita inchi jirani, na kufika kwenye bahari ya Hindi, ambako nyaya kama SEACOM na EASSy zilifika mwaka 2009 na 2010.

Njia zote mbili zimekwisha kukatika. Mwezi wa Agosti 2023, udongo na mawe viliporomoka chini ya bahari, kwenye bonde refu mbele ya mudomo wa muto Kongo, na kukata WACS pamoja na waya mwingine, SAT-3. Mwezi wa Mei 2024, ilikuwa zamu ya mashariki: EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na inchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua.

Siku kama hizo, mutumiaji anapiga simu yake mukononi na kusema: hakuna rezo. Lakini nyuma ya rezo kuna mutu anayepaswa kuamua, kwa dakika chache, habari zipite wapi. Mutandao wowote mukubwa duniani una namba yake, na mitandao hiyo inaambiana njia kwa kutumia lugha inayoitwa BGP. Mwenye kuijua vizuri anaweza kugeuza muzigo toka njia iliyokatika hadi njia nzima. Mwenye kuijua nusu anaweza kukata muji wote kwa kosa la musitari mmoja.

Kuna jambo jingine. Kijana wa Katindo akituma picha kwa rafiki yake wa Ndosho, kartiye mbili za muji mmoja wa Goma, picha hiyo inaweza kusafiri hadi ngambo na kurudi, ikiwa kampuni mbili za intaneti hazikutani mahali popote karibu. Kila safari kama hiyo inalipwa kwa dola. Ndiyo sababu kulijengwa vituo ambamo kampuni zinabadilishana habari ndani ya inchi: KINIX kule Kinshasa, na baadaye Lubumbashi na Goma pia. Lakini kituo kama hicho si chumba chenye mashini tu. Kinahitaji watu wa kushawishi kampuni ziingie, kupima kinachopita, kuweka mikataba na kulinda mitambo. Bila watu hao, kinabaki kabati lenye taa zinazowaka.

Hayo ndiyo masomo ya masteri. Mwanafunzi anajifunza kupima mawimbi kabla ya kusimamisha antena, ili milima ya Masisi isimufiche nusu ya wanakijiji. Anajifunza kuhesabu umeme ambao antena ya Walikale itakula usiku kucha. Anajifunza pia hesabu za musongamano. Hesabu hizo zilianzishwa na Mudenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1909 alitoa maandiko yake ya kwanza juu ya hesabu hizo, zinazosaidia kujua kampuni inahitaji laini ngapi ili wanaopiga simu wasikwame. Hadi leo kipimo cha musongamano wa simu kinabeba jina lake. Musimamizi asiyejua hesabu hizo atasema kila sikukuu kwamba rezo imejaa, bila kujua iongezwe wapi na kwa kiasi gani.

Sasa, masomo haya yanafundishwaje katika miji yetu?

Mara nyingi kwa chaki. Profesa anatoka mbali, anafundisha saa zote za kozi kwa juma moja au mbili, anaacha silabu, anarudia. Mwanafunzi analipa minervali, ananunua silabu, anafanya mutihani juu ya ruta ambayo hajawahi kuigusa. Umeme ukipotea, hata projekta inazimika. Mwishoni anaandika memuari yenye kichwa kirefu juu ya mutandao wa kampuni fulani, lakini kampuni yenyewe haikumupa hata namba moja ya kweli. Si kosa la mwanafunzi, na si kosa la mwalimu peke yake. Lakini karatasi inayotoka pale haiwezi kutengeneza rezo.

Mwenye uwezo anaondoka. Kigali kuna tawi la chuo cha Marekani, Carnegie Mellon, lililoanzishwa mwaka 2011, linalotoa masteri ya teknolojia ya habari. Kampala kuna Makerere. Dakar kuna shule ya inchi nyingi ya telekomunikasio, ESMT, iliyofunguliwa mwaka 1981 na inayofundisha kwa Kifaransa. Vyuo hivyo vimefanya kazi nzuri, na Wakongomani waliovisoma hawajutii. Lakini njia hiyo ni ya wachache. Kigali na Kampala zinadai Kingereza, na mwanafunzi wa Kivu alisoma kwa Kifaransa tangu shule ya musingi. Dakar inadai tiketi ya ndege. Vita navyo vimefanya safari ya mupakani kuwa nzito moyoni na mufukoni.

Kisha kuna wale wanaokwenda na hawarudi. Haifai kuwalaumu. Mutu aliyejifunza kupanga mutandao wa inchi nzima atarudi kufanya nini, ikiwa kazi inayomungoja ni kubadilisha neno la siri la Wi-Fi ya ofisi?

Wapo wanaosema kwamba huu si wakati wa kuongelea masteri. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati AFC/M23 iliingia Goma, na mwezi wa Februari Bukavu, watu wanatafuta chakula na usalama. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Kwa mutu aliyepoteza nyumba, neno masteri linaweza kusikika kama matusi.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini wale walioishi siku zile za Januari wanakumbuka kitu kimoja: umeme, maji na intaneti vilikatika pamoja. Mama hakujua mutoto wake yuko upande gani wa muji. Hospitali zilijaa waliojeruhiwa, na waganga walihitaji kuongea na wenzao. Waliokuwa ngambo walipiga simu usiku kucha bila jibu. Siku hizo rezo haikuwa anasa. Ilikuwa tofauti kati ya kujua na kutojua kama ndugu yuko hai. Wakongomani walikuwa wameonja uchungu huo hata bila mabomu: toka tarehe 31 Desemba 2018, nyuma ya uchaguzi, serkali yenyewe ilikata intaneti kwa siku karibu 20. Inchi inayopitia mambo kama hayo inahitaji watu wanaojua kujenga njia ya pili.

Wengine wanasema satelaiti imekuja kumaliza shida. Starlink ilikatazwa na ARPTC, ofisi inayosimamia simu na intaneti, mwezi wa Machi 2024, kisha ikapewa ruhusa mwezi wa Mei 2025. Ni kweli kwamba sahani moja juu ya paa inaweza kufikisha intaneti pahali ambapo hakuna antena. Lakini sahani hiyo inanunuliwa kwa dola, inalipwa kwa dola, na inazimwa na mutu ambaye hakai Kongo. Inafaa kama mulango wa dharura. Nyumba haijengwi kwa mulango wa dharura peke yake. Tena, kuamua nani apewe mawimbi gani, kwa bei gani na kwa masharti gani, ni kazi inayodai watu waliosoma. Wasipokuwepo, inchi itasaini kile ambacho wengine wameandika.

Wengine tena wanasema cheti cha kampuni, kama kile cha Cisco, kinatosha. Cheti hicho ni kizuri, na kijana akikipata asikidharau: kinaleta kazi haraka kuliko diploma. Ila kinamufundisha mashini ya aliyeitengeneza. Hakimufundishi kuuliza kama mashini hiyo ndiyo inayofaa Lubero, ambako umeme ni wa jua na barabara ni matope. Cheti na masteri ni mikono miwili; mwenye mukono mmoja atalima, lakini taratibu.

Basi, kifanyike nini?

Kwanza, vyuo viache kila kimoja kufungua masteri yake ndogo. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Kisangani, kila muji una walimu wachache wazuri. Wakitawanyika, hakuna kinachosimama. Vyuo vinaweza kusaini mukataba wa masteri moja ya pamoja, yenye walimu wa kugawana na maabara moja inayofanya kazi kweli. Wakati wa vita, maabara hiyo inaweza kukaa pahali penye utulivu zaidi, na kozi nyingine zikafuatwa toka mbali. Si lazima kungoja amani yote ifike ndipo walimu waanze kuongea.

Pili, umasikini usiwe kisingizio cha chaki. Leo kompyuta moja ya kawaida yenye Linux inaweza kufanywa ruta. Programu za bure kama GNS3 zinaweza kuiga mutandao wenye ruta nyingi ndani ya mashini moja, na mwanafunzi akaukata, akautengeneza, akakosea bila kumuumiza mutu. Kongo ina hata jina la mutandao wa vyuo vyake, Eb@le, neno linalomaanisha muto kwa Lingala, ulioingia katika muungano wa Kiafrika UbuntuNet. Muto huo unapaswa kufika kwenye oditwari za mashariki.

Tatu, pesa. Sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya telekomunikasio iliweka mufuko unaoitwa FDSU, ili huduma ya simu na intaneti ifike hata pahali ambapo kampuni hazioni faida. Pesa hizo zinatoka katika kazi ambayo wateja wanailipia kila siku kwa unite na mega. Wakongomani hawajasahau RAM, makato ya simu yaliyoanza mwaka 2020 na kuondolewa mwaka 2022, ambayo wengi hawakuona yaliwaletea nini. Kama sehemu ndogo ya FDSU ingelipa maabara na minervali ya wanafunzi toka vijiji visivyo na rezo, mara moja mwananchi angeweza kuonyesha kwa kidole kitu ambacho unite zake zimejenga. Kusimamisha antena kijijini bila kumusomesha mutoto wa kijiji hicho aiangalie, ni kuandaa siku ambayo antena itazimika na kungoja fundi toka Kinshasa.

Nne, kampuni za simu zifungue milango. Zinalalamika kwamba wanaomaliza vyuo hawajui kazi, lakini zinaficha kila namba na kupokea wanafunzi kwa kujuana. Ruta ya zamani inayooza katika depo inaweza kuwa dhahabu kwa chuo. Stajio ya miezi 6 yenye kazi ya kweli ina faida kuliko hotuba 10 kwenye sikukuu ya kutoa diploma. Wasichana nao wasiishie kupokea wateja dukani: kupanda mulingoti na kupanga mawimbi si kazi ya ndevu.

Tano, na hii haidai ruhusa ya waziri: memuari zibadilike. Mwanafunzi mmoja apime ni saa ngapi kwa siku rezo inapotea katika kituo cha afya. Mwingine apange njia ya redio kati ya hospitali mbili za Bukavu. Mwingine achore namna mitambo ya volkano inavyoweza kutuma habari kwa njia mbili tofauti, moja ikikatika nyingine ibaki. Kazi kama hizo hazitakaa katika kabati la chuo kula vumbi. Kuna watu wanaozingoja.

Wazee wanasema mutegemea cha ndugu hufa masikini. Rezo ya mashariki mwa Kongo inapita kwa ndugu, inalipwa kwa wageni na kutengenezwa na wapita njia. Si aibu kupita kwa jirani. Inchi zote zisizo na bahari zinafanya hivyo. Shida ni kutokuwa na mutu wako mwenyewe anayejua njia, anayeweza kukaa mezani na jirani huyo na kumwambia: hapa bei yako haifai, pale waya wako ni dhaifu, na sisi tumejenga njia nyingine.

Nyiragongo haijalala. Ilitoka mwaka 1977, ikatoka 2002, ikatoka 2021, na itatoka tena. Hakuna ajuaye siku. Lakini mwanafunzi anayeanza masteri mwaka huu ataimaliza kwa miaka 2, na mulima unaweza kumupa nafasi hiyo. Siku utakapoamka, itakuwa vizuri kama habari yake itafika Goma kwa sababu mutoto wa Goma aliipangia njia, bila kujali kama bili ya mwezi imelipwa.